Bisibisi Kifuani mwa Mjukuu

Jumatatu, 3 Machi

Nina miaka sabini na tisa. Nimeishi kuliko mameneja wanne wa kiwanda cha sabuni, boila mbili za mvuke, marehemu mke wangu, meno yangu mengi, na daktari aliyeniambia nikiendelea na sigara sitamaliza mwaka. Daktari ndiye aliyetangulia. Sigara niliacha baadaye, kwa hiari yangu, si kwa maneno yake.

Kusoma sijasoma sana. Lakini naandika, kwa sababu katika nyumba hii kuna hatari na ni mimi peke yangu ninayeiona.

Leo sheria mpya ya bima ya afya imeanza. Karani, jirani yangu, mstaafu wa ofisi ya maji, kaja na gazeti kunisomea kana kwamba mimi sina macho. Mpango wa vijana, ule wa bei chee, umefutwa. Wazee na vijana tumetiwa kapu moja. Hakuna tena kumtoza mzee mara nne ya kijana, hakuna kumuuliza mtu anaumwa nini kabla ya kumpokea. Kwa hiyo mchango wangu umeshuka! Nikasema hatimaye wakubwa wametambua kazi ya watu wa boila.

Karani kacheka kwa pua. Kasema wangu uliposhuka ndipo wa mjukuu wangu ulipopanda, na kwamba kuanzia leo nameza vidonge kwa jasho la mtoto. Mjinga! Maisha yake yote kazi yake ilikuwa kuchungulia mita za watu.

Jioni mjukuu karudi kutoka karakana. Ni mchomea vyuma, anatengeneza mageti na nondo za madirisha. Ana miaka ishirini na sita na mikono kama yangu. Nimemlea tangu mama yake, binti yangu, alipofariki. Nikamuuliza habari za bima. Kasema, mdomo umejaa wali, kwamba amejitoa. Mchango wake umepanda maradufu, na yeye mara ya mwisho kuumwa ilikuwa tetekuwanga. Afadhali anunue mashine ya kuchomea ya kwake mwenyewe, aache kuazima.

"Wewe endelea kuumwa kwa niaba yetu sote, mume wangu," kaniambia.

Nikacheka. Sahani nikaisukuma kando.

Jumanne, 4 Machi

Mtoto yule anashinda na umeme na gesi na cheche! Juu ya ngazi! Na hana bima! Mimi nimemwona mtu akiungua kwa mvuke. Ngozi ilitoka kama soksi. Sitaki kuandika zaidi.

Karani kasema dirisha la kujiandikisha linafungwa Ijumaa. Atakayekosa, mpaka mwakani, na akiugua katikati ajue mwenyewe. Kayasema haya huku akinywa chai yangu.

Basi nikaamua kumpima mwenyewe. Nikimkuta na kasoro, ataogopa, atajiandikisha. Watu wa boila hatukuwa na mitambo ya kupimia. Tulikuwa na bisibisi. Ncha unaigandamiza kwenye chuma, mpini unaubana kwenye mfupa nyuma ya sikio, chuma kinakusimulia kila kitu kilichomo ndani. Sikio langu la kushoto lilikufa kwa kelele za kiwanda. La kulia ni la dhahabu. Meneja wa tatu alikuwa ananiamsha usiku nije kusikiliza tu.

Mjukuu kaja mchana kula, kajinyoosha mkekani, kasinzia. Nikaifunga ncha kwa kitambaa nisije nikamchoma. Nikaiweka mgongoni, penye bega la kushoto. Nikabana pumzi. Nikasikiliza.

Fsss. Fsss. Fsss.

Sauti ile naijua! Ni valvu isiyofunga. Kiwandani tukiisikia tulikuwa tunazima moto na kukimbia bila kuchukua kofia.

Kaamka, kamkuta babu yake kamwinamia na bisibisi. Kelele alizopiga ziliwaleta Karani na muuza mkaa. Nikamweleza mjukuu kwa utaratibu kwamba moyo wake unavuja. Kasema kinachovuja ni kichwa changu. Nikamwomba aende hospitali. Kasema hospitali bila kadi ni kuuza godoro, na yeye godoro analipenda. Muuza mkaa kacheka mpaka kakaa chini.

Wacheke. Mimi nimesikia nilichosikia.

Jumatano, 5 Machi

Akili ya mtu wa boila hailali! Asubuhi nimekwenda hospitali na kadi yangu, nikaubeba ugonjwa wake kana kwamba ni wangu. Nieleze dalili, nipewe dawa, nizitie kwenye chai yake. Sijawahi kuona mpango uliokaa sawa kama huu.

Kwenye benchi nikafanya mazoezi ya kupumua vibaya. Mama aliyekaa kando yangu kanipisha nitangulie.

Daktari ni binti mdogo, umri wa mjukuu wangu. Nikamwambia kifuani kuna sauti ya fsss, tena nyuma ya bega la kushoto. Nikaongeza kwamba napanda ngazi kwa kupumzika na usiku nalalia mito mitatu. Hayo ni ya kweli, lakini ni ya uzee tu, niliyatia kama chumvi.

Kavaa kile kipira chao cha masikioni. Kasikiliza mbele. Kasikiliza nyuma. Karudi mbele. Uso ukabadilika. Kamwita mwenzake, naye kasikiliza, wakatazamana. Kasema kweli, mzee, ipo.

Nilitaka kupiga makofi! Sikio la dhahabu! Mjukuu yuko karakana anachomea geti, na hapa madaktari wawili wanamsikia!

Kisha nikaangalia kile kipira kiko kwenye kifua cha nani.

Nimekuja na uongo, nao umekutwa ni wa kweli. Sijawahi kuogopa hivi, hata siku boila ya pili ilipopasuka. Siku ile nilikuwa na pa kukimbilia. Wamenilaza. Wamenitia sindano mkononi, kuna chupa inayodondosha dawa tone kwa tone. Nadhani nimejiletea mwenyewe kwa kuutaja. Ugonjwa wa mjukuu umesikia jina langu ukanihamia.

Lakini kama umenihamia mimi, basi yeye kapona. Nimelala kidogo kwa wazo hilo. Kisha nikakumbuka kwamba boila mbili zinaweza kuvuja siku moja.

Alhamisi, 6 Machi

Mjukuu kaja mbio kutoka kazini, miwani ya kuchomea bado ipo kwenye paji la uso, masizi mpaka masikioni. Muuguzi kamzuia mlangoni akidhani ni fundi wa mabomba. Nikamwambia ukweli wote: bisibisi, dalili za kuazima, dawa ya kutia kwenye chai. Kacheka mpaka kashika kitanda. Halafu kicheko kikageuka, nikaona anajifuta macho kwa kiganja cheusi. Sikujua niangalie wapi. Nikaangalia chupa.

Nikamsihi binti daktari amsikilize na yeye. Kakubali kwa hisani. Kasikiliza mara moja tu! Kasema huyu ni mzima kama chuma. Kisha kanieleza taratibu, kama anayemweleza mtoto: mpini ukiubana kwenye mfupa wa sikio, na moyo wako wenyewe una kasoro, unachosikia ni damu yako wewe inavyopita. Valvu inayovuja ni yangu. Imekuwa inavuja muda mrefu.

Nikamuuliza yeye boila kazifanyia kazi miaka mingapi. Kasema hata mmoja. Nilijua!

Kasema nitakunywa vidonge kila siku ya maisha yangu, na huenda baadaye nikafanyiwa matengenezo. Matengenezo! Kwenye kifua! Mjukuu kauliza gharama. Muuguzi kasema kadi italipa. Mjukuu kauliza kadi inalipa kwa pesa ya nani, maana mchango wa babu haununui hata hiyo chupa. Muuguzi kasema ni pesa ya wote walio kwenye kapu, hasa wale wanaochanga na hawaumwi. Kasema vijana wakijitoa wote, wanaobaki ni wazee kama huyu, na kapu la wazee watupu linatoboka mwezi wa kwanza.

Mjukuu kaitazama ile chupa. Kaninyooshea shuka, kaondoka bila kuniaga.

Hapo ndipo nilipouona ubaya wa kazi yangu. Nilitaka kumtisha ajiandikishe. Badala yake nimempeleka kwa daktari bingwa akaambiwa ni mzima kama chuma! Sasa hajiandikishi ng'o! Kesho dirisha linafungwa. Keshokutwa anapanda ngazi na gesi mgongoni. Akianguka, hakuna kapu, hakuna kadi, na babu mwenyewe yuko kitandani anavuja.

Nasikia moyo wangu masikioni. Hata bila bisibisi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimetoroka.

Nguo zangu wamezifungia. Nikatoka na gauni la hospitali, lile linalofungwa kwa kamba nyuma, nalo lilikuwa na kamba moja tu. Nikatembea nikiwa nimeegemea kuta ili nyuma pasionekane. Ofisi ya bima si mbali. Kwa mwenye afya si mbali. Mimi nilipumzika kwa muuza viatu, nikapumzika kwenye ngazi za benki, nikapumzika juu ya ndoo ya mtu. Kifua kilibana kama mtu kanikalia. Nikafikiri nitafia hapa, nyuma wazi, mbele ya benki. Nikainuka kwa hasira.

Mpango ulikuwa rahisi. Nijipange foleni, niseme mimi ndiye mjukuu wangu.

Askari wa mlangoni kaniuliza naenda wapi, mzee. Nikasema kujiandikisha, kundi la vijana. Kaniangalia juu mpaka chini. Kaniambia foleni ya vijana ni ile pale, nisimame nyuma ya yule dada mwenye miwani.

Yule dada kageuka.

"Mume wangu," kasema, "gauni hilo kakununulia nani?"

Foleni nzima ilinikalisha chini. Alikuwa pale tangu asubuhi! Nikamuuliza kwa nini, wakati yeye ni chuma. Kasema ndiyo maana. Kasema jana, akiitazama ile chupa ikidondosha, alijaribu kuhesabu ni mageti mangapi yangeilipa, akaacha kuhesabu kwa woga. Mashine ya kuchomea itasubiri. Ataendelea kuazima, na mwenye nayo ataendelea kumnyanyasa.

Tukafika dirishani. Mama wa dirishani kamuuliza kama amejiajiri na anapata kiasi gani. Kamwambia sheria hiyohiyo iliyofuta bei chee imeweka nafuu kwa vijana wa kipato chake, kwa hiyo atalipa zaidi ya zamani, lakini si maradufu. Mjukuu kauliza mbona hakuna aliyesema. Mama kasema imeandikwa kwenye magazeti yote. Basi Karani aliishia ukurasa wa kwanza! Msomi mzima!

Kadi yake ni mpya, bado ina joto la mashine. Nimeishika mwenyewe. Nikalia kidogo, kwa sababu ya vumbi.

Karudi nami hospitali juu ya mkokoteni wa karakana, katikati ya nondo za madirisha, kanifunika nyuma kwa aproni yake. Binti daktari kafoka mpaka mishipa ikamtoka. Kasema ningeweza kufa njiani. Nikamwambia hata mwenzake wa sigara alisema hivyo.

Jumapili, 9 Machi

Nimepewa ruhusa. Niko nyumbani. Vidonge ninavyo.

Watu wanasema mjukuu kajiandikisha kwa akili yake. Si kweli. Ni kwa bisibisi yangu. Nisingesikiliza, nisingelazwa, asingeiona chupa. Ni hesabu nyepesi, hata Karani angeiweza.

Lakini hofu haijaisha, na hii ndiyo sababu naandika tena. Leo Karani alipokuja kunipa pole, nikamwomba nimsikilize mgongo. Kakubali kwa aibu ya ule ukurasa. Fsss! Anavuja! Nikamwita muuza mkaa. Fsss! Na yule kijana mwenye duka, ambaye hajafika thelathini. Fsss! Mtaa mzima unavuja na hakuna anayejua! Nimewaamuru wote wakatafute kadi. Wamekwenda zao wakicheka, lakini kwa mwendo wa haraka.

Walipoondoka nikajipima mimi, kwa uadilifu. Kisha nikasikiliza kiti alichokalia Karani. Fsss. Nikasikiliza meza. Fsss! Hata meza!

Sasa nimeelewa ukubwa wa janga. Binti daktari alisema ni damu yangu. Mimi nimemsikiliza mjukuu, nimesikiliza majirani, nimesikiliza mbao. Haiwezekani vyote hivyo viseme uongo, binti mmoja ndiye aseme kweli. Nimeitoa meza nje uani, mbali na watu, na kiti nimekifunga kamba.

Asiyeamini awaulize Karani, muuza mkaa na mwenye duka: wamevuja mbele yangu. Amuulize askari wa ofisi ya bima kuhusu safari yangu, ila asimuulize kuhusu nyuma ya gauni. Na amuulize mjukuu wangu, mwenye kadi, ambaye hivi sasa yuko uani anapaza sauti kwamba chakula kimeiva na nirudishe meza ndani.

Sirudishi.