Majani ya Bomba

Asubuhi ile, Redio alileta kwenye benchi la kahawa, nje ya kibanda changu cha viatu, habari aliyoanza kuieneza mwezi uliopita. Tunamwita Redio kwa kupenda kutangaza.

"Wamethibitisha tena," akasema. "Maji ya majani yameua chembe zote za saratani ya mapafu."

"Zimefia wapi?" akauliza Sista, muuguzi mstaafu, bila kuinua macho kwenye kikombe.

"Maabara. Kwenye kisahani."

"Basi kisahani kimepona. Kipe hongera."

Bomba, fundi rangi anayewasha sigara moja kwa nyingine, alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka benchi likatikisika.

"Chekeni tu," akasema akijifuta mdomo kwa leso. "Mimi wiki ya tatu nachemsha majani, sufuria nzima kila siku. Mke wangu anadhani nimeanza kufuga mbuzi."

"Na sigara?" akauliza Sista.

"Sigara nayo si majani? Yanasaidiana."

"Akili nyingi, kaka yangu. Hata jiki ya kufulia huua chembe kwenye kisahani. Mbona hujainywa?"

Redio akanuna. "Ina maana hakuna dawa ya saratani iliyotoka kwenye mimea?"

"Zipo. Zilipimwa miaka na miaka, zikapewa kipimo. Hazikutoka kwenye sufuria ya Bomba." Kisha Sista akaitazama ile leso. "Hilo doa jekundu ni la nini?"

"Rangi ya kazini."

"Wiki hii unapaka wapi?"

Bomba akageuza uso. Nikajibu mimi, maana hata viatu vyake vilikuwa vimetapakaa chokaa: "Shuleni. Nyeupe tupu."

Hakuna aliyecheka. Bomba akaikunja leso polepole.

"Naogopa kupigwa picha ya kifua, Sista," akasema. "Sufuria hainipi majibu mabaya."

Sista akaacha kahawa yake nusu, akamshika mkono. Nikafunga kibanda. Redio akafuata nyuma, kwa mara ya kwanza kimya.

Hospitalini daktari aliinua picha kwenye mwanga. "Kuna doa. Tutachukua kipande kidogo cha nyama tukipime. Bado dogo, umekuja mapema kuliko wengi. Kuna dawa yoyote unayotumia?"

"Majani," akasema Bomba.

"Majani gani?"

"Ya uani kwa huyu. Alisema ndiyo yaliyopimwa maabara."

Tukamgeukia Redio. Alikuwa akitazama viatu vyake.

"Yale ni ya ua tu," akasema kwa sauti ndogo. "Niliyapanda kuzuia kuku."