Baa Nzuri ya Kumpeleka Mjane

Siku hiyo Kiyoyozi alikuwa kwa kinyozi, ila si kunyolewa. Nywele za kunyoa alikuwa nazo, hela ndiyo ilikuwa haipo. Alikaa kwenye benchi la wanaosubiri, kakunja nne, anasoma gazeti la wiki iliyopita kwa uso wa mtu ambaye habari zote zinamhusu. Pale palikuwa na feni, televisheni na watu wa kupiga nao soga bure. Mtu anayelala kwenye kochi la dada yake hana haraka ya kurudi nyumbani mchana, hasa kama mume wa dada ni fundi friji na anafanyia kazi sebuleni hapo hapo, na ameshasema mwisho wa mwezi asimwone mtu kwenye kochi.

Jina la Kiyoyozi hakupewa na mama yake. Alipewa na mtaa, kwa sababu mtu akimjia amewaka moto, jamaa akifungua mdomo tu, mtu anapoa. Wengine wamewahi kupoa mpaka wakampa na nauli.

Kwenye kiti cha kinyozi alikuwa Mzee wa Mabomba, povu mpaka masikioni. Huyu ndiye mwenye lile duka kubwa la mabomba, koki, masinki na vyoo. Tajiri, lakini ukimwomba maji ya kunywa anakuonyesha koki ilipo na kukukumbusha uifunge.

"Nina tatizo," Mzee akamwambia kinyozi, kwa sauti ya siri iliyofika mpaka barabarani. "Kuna mjane mmoja kule Mageti. Mtu ametulia, ana nyumba yake. Nimemwomba tutoke, tukanywe kitu. Kasema sawa, wewe chagua mahali. Sasa mimi nichague wapi? Baa ninayoijua ni ile ya nyuma ya stoo, tunakalia kreti."

"Mpeleke hapo hapo akujue," kinyozi akasema.

"Nimkalishe mjane wa Mageti kwenye kreti? Wewe nyoa."

Gazeti likashuka taratibu. Hapa inabidi tusimame kidogo kwa heshima, maana ni mara chache mtu kuona kwa macho wazo likizaliwa. Mageti ni ule mtaa wa juu ambako kila nyumba ina geti refu kuliko nyumba ya fundi aliyelichomelea. Na Kiyoyozi, ambaye hana hata dirisha, alikuwa anazijua baa za Mageti kama mfuko wa suruali yake. Huwezi kuishi kwa maneno bila kwenda kule waliko wenye masikio.

"Shikamoo mzee wangu," akasema. "Samahani, sikusikiliza, ila nimesikia."

"Marahaba. Umesikia nini?"

"Kwamba unataka kuharibu bahati yako. Baa ya deti huulizi kwa kinyozi. Kinyozi atakwambia pale anapokunywa yeye."

"Mimi sinywi," kinyozi akasema.

"Umemsikia? Baa inachunguzwa, mzee. Taa zikoje, viti vikoje, muziki unaongea na nani, choo..."

"Choo ni muhimu," Mzee akadakia.

"Choo ni muhimu sana! Mwanamke wa Mageti anaweza kukuvumilia wewe, choo kibovu havumilii. Hiyo kazi mimi ndiyo ninayoifanya. Nazunguka, nakaa, naonja, nakuletea ripoti. Gharama ni za uchunguzi tu. Na kidogo cha mchunguzi."

Mzee akaingiza mkono chini ya shuka la kinyozi, akatoa pesa, akampa. Hakuomba apunguziwe hata kidogo. Mtu mwingine yeyote angeshtuka hapo, maana Mzee wa Mabomba anajulikana kwa kuombaomba punguzo hata kwenye sadaka. Kiyoyozi hakushtuka. Yeye alijua ni utamu wa ulimi wake.

"Na huyo mama ukitaka kumjua," Mzee akaongeza, akampa simu aone picha, "mchana mchana hukaa peke yake pale kwenye baa ya bustani. Usimsumbue. Ni vile tu umjue, ujue unamchagulia nani."

Kiyoyozi akaiangalia ile picha kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Basi uchunguzi ukaanza, na usidhani jamaa alitumia zile pesa. Pesa zilikaa mfukoni. Kila baa ya Mageti aliyoingia alimwita meneja, akamvuta pembeni, akamnong'oneza kwamba kuna mkubwa mmoja anatafuta mahali pa sherehe, watu si chini ya mia, jina hawezi kulitaja, ila kabla ya yote lazima vitu vionjwe. Mameneja wa Mageti wakisikia mkubwa asiyetajwa jina, wanakimbilia jikoni wenyewe. Ikaja bia, yakaja mabawa ya kuku, vikaja viazi kwenye kikapu cha waya kama vimefungwa jela. Kiyoyozi alionja kila kitu, na vingine alivionja mara mbili, kwa sababu uchunguzi ni uchunguzi.

Kisha anashuka dukani kwa Mzee, anakaa juu ya boksi la sinki, anatoa ripoti.

"Ile yenye tangi la samaki haifai."

"Kwa nini?"

"Mwanamke atawatazama samaki, samaki watakutazama wewe. Wewe utamtazama nani?"

"Na ile ya ghorofani?"

"Ngazi, mzee. Utafika juu unahema kama umekimbizwa na mbwa. Atadhani unaumwa, aanze kufikiria urithi kabla ya ndoa."

"Ya bustani je?"

"Viti vifupi. Mzee wangu, na hilo tumbo, kukaa utakaa. Kuinuka ndiyo itabidi tuite vijana."

Mzee alicheka mpaka akashika meza. "Endelea kutafuta," akasema, na kumwongezea ya kutafutia. Na Kiyoyozi akaendelea, maana kazi kama hiyo ukiimaliza wewe ni mjinga.

Lakini ile picha ilimkaa. Usiku kwenye kochi, mguu mmoja umening'inia nje, friji ya mteja inanguruma karibu na kichwa, alikuwa anajiuliza: hivi kwa nini nimtafutie mzee wa watu mjane mwenye nyumba, wakati mimi ndiye sina nyumba?

Kesho yake mchana akaenda baa ya bustani. Na kweli alikuwepo. Mwanamke wa makamo kidogo, miwani juu ya kichwa, juisi mbele yake, anatazama watu wanavyoingia kama anasimamia mtihani.

"Dada, umekaa meza mbaya," Kiyoyozi akaanza.

"Mbaya kivipi?"

"Wahudumu hawapiti hapa. Utaagiza leo, utaletewa mwanao akishaoa."

Akacheka. "Kaa basi, uniitie mhudumu. Wewe unafanya kazi hapa?"

"Mimi? Mimi ndiye ninayewaambia watu wakae wapi. Baa zote hizi za Mageti zipo hapa." Akagonga paji la uso.

"Kaka, wanaume wote hujisifu hivyo. Halafu wanakupeleka penye samaki."

Hapo ndipo jamaa alipozama. Kwa Mzee alikuwa anapeleka uongo, sababu uongo ndio unaolipwa. Kwa mwanamke huyu alitaka aonekane, na ukitaka kuonekana inabidi utoe ukweli. Mchana ule, na mchana uliofuata, na mingine baada ya hapo, akaumwaga wote mezani.

"Pale penye samaki," akasema, "watu hawafuati samaki. Wanafuata mabawa ya kuku. Na yule mpishi hapewi hata siku ya kupumzika, wanamwita 'wewe wa jikoni.' Mtu akimwita Mpishi Mkuu tu na kumvalisha ile kofia ndefu, anaondoka leo na masufuria yake."

"Eeh. Na ghorofani?"

"Ghorofani kuna mhudumu mmoja wa kike, mrefu. Anajua kila mteja anakunywa nini, anajua nani asikalishwe karibu na nani. Meneja anamchukulia bakshishi zake. Siku akiondoka, ile baa itabaki ngazi tu."

"Na watu wa huku wanapenda nini hasa, kaka? Mimi nimeishi hapa, sijawaelewa."

Kiyoyozi akaegemea mbele, akashusha sauti. Hii alikuwa hajawahi kumpa mtu, na maskini alijiona ametoa zawadi ya uchumba.

"Watu wa Mageti hawatafuti baa nzuri. Wanatafuta mahali pa kuficha gari. Mtu akija na mke wake anataka gari lionekane barabara nzima. Akija na yule mwingine, anataka gari limezwe na ardhi. Mtu akijenga baa yenye maegesho mawili, ya mbele na ya nyuma, na mlango wake wa nyuma, hizi nyingine zote zitafuga kuku."

Mwanamke akashusha miwani machoni, akamtazama kama mtu aliyeokota kitu.

"Wewe una akili," akasema. "Unakaa wapi?"

"Kwa muda, kwa dada. Namsaidia saidia."

"Mimi nina chumba cha nyuma, kiko wazi. Na nahitaji mtu kama wewe karibu. Mwisho wa mwezi njoo na begi lako. Nitakutumia maelekezo."

Kiyoyozi hakulala siku hiyo, na safari hii si kwa sababu ya friji.

Mwisho wa mwezi ulipofika alivaa shati la shemeji bila kuuliza, akafunga begi, akasimama katikati ya sebule. Shemeji yake alikuwa kalala chali chini ya friji, tochi mdomoni.

"Naondoka," Kiyoyozi akatangaza. "Kochi lenu lina msumari, lakini nimewasamehe. Shemeji, siku ukitaka kuona watu wanavyoishi, uje Mageti. Uoge kwanza."

Dada akatoka jikoni anafuta mikono. "Mdogo wangu, unakwenda kwa nani?"

"Kwa mtu anayejua thamani yangu."

"Ana habari kwamba hujui kupika, hujui kufua na hulipi?"

Shemeji akatoa tochi mdomoni. "Mama watoto, usimzuie. Acha ufunguo hapo juu ya friji. Na hilo shati lichukue, usije ukalirudisha."

Alipofika chini ya ngazi alisikia komeo likifungwa mara mbili.

Maelekezo yalimpeleka Mageti, mtaa wa pili kutoka barabara kubwa, kwenye geti jipya lililo wazi. Akaingia kifua mbele. Jambo la kwanza aliloliona ni kwamba nyumba ya mjane ina maegesho ya mbele, makubwa, yenye taa. La pili, kuna njia inapinda kwenda nyuma, imezibwa na ua mrefu, na mshale mdogo umechorwa ukutani kwa adabu. La tatu, mtu mwenye kofia ndefu nyeupe alikuwa anawafokea vijana wawili kuhusu mabawa ya kuku, kwa sauti ya mtu aliyefurahi.

Yule mhudumu mrefu wa ghorofani akapita, trei begani. "Umechelewa," akamwambia.

Na mwanamke wake akatokea mlangoni, miwani juu ya kichwa. Kiyoyozi akafungua mikono. Mwanamke akageuza shingo ndani.

"Baba! Amefika."

Mzee wa Mabomba akatoka anafuta mikono kwa kitambaa. Alikuwa amenyoa vizuri sana.

"Karibu, mchunguzi."

"Baba?" Kiyoyozi akauliza, kwanza kwa huyu, halafu kwa yule. "Na mjane?"

"Mjane ni kweli," mwanamke akasema. "Mwaka wa tatu sasa."

"Na deti?"

"Deti!" Mzee akashika tumbo. "Mke wangu akisikia neno hilo atanivunja na bomba la inchi nne, na ni langu mwenyewe, la dukani. Sikiliza, kijana. Nilitaka kufungua baa huku. Nikauliza, nani anazijua baa za Mageti? Watu wote wakataja wewe. Nikasema, huyu nikimwajiri atalala, nikimuuliza atanidanganya. Nikamwachia nafasi aniibie. Nakwambia, sijawahi kuona mtu anachapa kazi vile!"

Kiyoyozi akafungua mdomo ili mzee apoe. Tatizo ni kwamba mzee hakuwa amewaka. Alikuwa na furaha, na furaha haina dawa.

Simu ikalia mfukoni. Meneja wa ghorofani. "Nimeshajua ni nani aliyemuuza mhudumu wangu," sauti ikasema. "Ukanyage ngazi zangu uone utakavyoshuka." Kabla hajakata, ikaingia ya meneja wa samaki. Hiyo hakuipokea.

"Chumba?" akauliza taratibu. Sauti ilikuwa imepungua.

"Chumba kipo, sikukudanganya," mwanamke akasema, akampeleka nyuma. Kitanda cha chuma kilikuwa kimebanwa kati ya maboksi ya koki na vyoo vitano vipya vilivyopangwa ukutani kama wazee wa baraza. "Cha wafanyakazi. Anayelala hapa anahudumia. Kama hutaki, geti umeliona."

Kiyoyozi akaliona geti. Akaona na komeo la dada, mara mbili. Akaweka begi juu ya choo cha kwanza.

Jioni wateja wakaanza kuingia, maegesho ya nyuma yakajaa kabla ya yale ya mbele. Yule mrefu, ambaye sasa ndiye msimamizi, alimfunga Kiyoyozi aproni kwa nguvu kama anamfunga kamba, akamsukuma kwenye meza ya pembeni. Alikaa pale kijana mmoja na binti, jasho linamtiririka kijana shingoni. Binti alipoinuka kwenda kunawa, kijana akamvuta Kiyoyozi mkono.

"Kaka, niambie ukweli. Hapa ndipo penyewe? Ndiyo mara ya kwanza namtoa. Sitaki anione mshamba."

Kiyoyozi akavuta pumzi. Kifua kikapanda. Maneno yakajipanga yenyewe, yale matamu, ya taa na viti na muziki unaoongea na nani, na mkono wa kijana tayari ulikuwa unapapasa pochi.

"Wewe!" msimamizi akaita kutoka kaunta. "Meza hiyo wanakunywa nini?"

Kiyoyozi akamtazama msimamizi, akaitazama pochi, akayameza yote, moja moja.

"Mtakunywa nini?" akauliza.