Uzinduzi wa Kituo cha Mambo ya Milimani, Baramjae

Mstahiki Mwenyekiti wa Baraza la Wilaya. Mstahiki Makamu wake. Mstahiki Makamu wa Makamu, ambaye ametuma salamu. Mkuu wa Zimamoto. Mkurugenzi wa Ushirika wa Viazi. Mwalimu Mkuu mstaafu, na mwalimu mkuu mstaafu aliyemtangulia. Akina mama wa Jumuiya mliotukaangia chapati za viazi, ambazo nimezionja tatu kwa niaba ya serikali. Na ninyi wananchi wapendwa wa Baramjae mliosimama upande unaopigwa na upepo: itifaki imezingatiwa.

(Makofi ya watu waliovaa glavu. Hayasikiki.)

Mimi, Pyo Gi-taek, Mkuu wenu wa Wilaya, nasimama hapa nikiwa na furaha isiyo na kifani kuzindua Kituo cha Mambo ya Milimani, mradi ambao, kwa mujibu wa dira yetu, mpango mkakati wetu, upembuzi yakinifu na mchakato shirikishi uliowashirikisha wadau wote waliokuwepo chumbani, utawaleta wageni kutoka mabondeni waje wasuke vikapu vya matawi, wapinde mti wa kutengenezea viatu vya theluji, wapande kilele asubuhi na kuteremka wakiwa na njaa ya kizalendo.

(Sauti kutoka nyuma: "Fupisha, Mheshimiwa, supu inaganda." Kicheko.)

Supu imepokelewa. Takwimu zinaonyesha kwamba asilimia mia na nne ya wageni waliohojiwa wangependa kuja Baramjae; hiyo minne ya ziada ni wale waliosema hata kabla ya kuulizwa. Ni wilaya gani nyingine katika milima hii imefikia hapo? Sitaki kujisifu, ila sioni mwingine wa kumsifu.

Namwona Bibi Maeng Ok-bun pale mbele, amekalia ndoo. Wote mnajua kwamba kiwanja hiki ni chake. Hapa ndipo yeye na marehemu mumewe, Mzee Ham, walipokuwa wakiwaanika samaki kila majira ya baridi, samaki hao wakiganda usiku na kuyeyuka mchana, mpaka nyama yao ikawa ya manjano na laini kama pamba. Serikali ilipomwomba kiwanja, aling'oa fito zake zote za kuanikia, kwa kuwa nilimwahidi cheo cha Mkuu wa Idara ya Uanikaji.

(Bibi Maeng: "Mwaka wa tatu huu namenya vitunguu saumu vya watu. Leo nimeagiza samaki. Lori liko pale chini, dereva anauliza ashushe au arudi nao pwani.")

Aambiwe kwamba suala lake limepokelewa na linafanyiwa kazi.

(Bibi Maeng: "Samaki hawasubiri kikao, mwanangu. Nikikosa baridi hii, sina kingine." Watu wanaguna.)

Tusitoke nje ya ratiba. Sasa tunafika kwenye mila. Kama wazee wetu walivyofanya kila walipofungua nyumba mpya, tutamtundika samaki mkavu aliyefungwa uzi mweupe juu ya mlango, alete heri. Katibu Noh, mtundike.

(Katibu anazunguka nyuma ya turubai kubwa lenye picha ya Kituo. Anarudi, samaki bado yuko mkononi.)

Kuna nini?

(Katibu: "Mlango, Mheshimiwa." Kicheko.)

Mlango uko katika awamu ya pili. Hebu nimshike mimi. Huyu samaki ni wa nani? Mbona hana harufu?

(Katibu: "Nimemnunua dukani mjini. Hapa kijijini hayupo hata mmoja.")

Hata mmoja. Baramjae.

Marehemu mama yangu alikuwa akimgonga samaki wa hapa kwa rungu, juu ya jiwe la kizingitini, asubuhi ambazo baba aliamka na kichwa kizito cha pombe. Alimgonga taratibu ili baba asisikie. Kabla ya kuchemsha supu, aliniita, akanipa kipande cha ngozi alichokibabua kwenye makaa. Kilikuwa cha moto, nikakihamisha mkono hadi mkono. Hayo hayamo katika hotuba. Mniwie radhi.

(Mtu anakohoa. Bibi Maeng: "Mama yako alikuwa akija kuchukua samaki kwetu. Ham alimwekea wale walionona. Mtundike huyo wa dukani kwenye fito zangu, Gi-taek. Ziko ghalani.")

Bibi, je, fito zaweza kuitwa miundombinu?

(Bibi Maeng: "Ziite hata jina la babu yako, mradi zisimame.")

Basi, kwa mamlaka niliyopewa, naagiza miundombinu ya mbao isimikwe leo kwenye kiwanja hiki, kwa muda, na muda huo hautajulikana. Dereva ashushe samaki.

(Umati unaelekea ghalani.)

Msiondoke, zimebaki kurasa saba! Baramjae!

("Juu!" Sauti zinatoka ghalani.)

Utalii wetu!

("Inua upande wako, Chil-bok, unaniumiza.")

Kituo chetu!

(Fito ya kwanza inapita mbele ya jukwaa, mabegani mwa watu wawili.)

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru mchora mabango kutoka mjini, ambaye kwa turubai moja na ndoo mbili za rangi ametujengea ukumbi, jiko, karakana ya vikapu na maegesho ya mabasi, yote mnayoyaona nyuma yangu, na zaidi ya hayo hatukuwahi kujenga kitu, wala kununua tofali. Nalishukuru Baraza, lililokagua picha hiyo mara nne na kuridhika na maendeleo yake. Na namshukuru Bibi Maeng, aliyenishika kiwiko sasa hivi, kwa heshima kubwa, ili anishushe jukwaani. Kwa maana anasema nimesimama mahali panapotakiwa kuchimbwa shimo la nguzo ya kwanza.

Nasogea, Bibi. Nasogea.