Mama Mkwe Amekaa Benchi la Mbele

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Pikapu imefika! Nyeupe, mlango mmoja wa kijani. Mama mkwe wangu, Elmina, ameinunua kwa bonasi ya majani chai. Iko nyumbani kwake Kiptere, imefunikwa turubai. Yeye hana dereva. Mimi sina gari. Mungu hafanyi kazi ya bure.

Ujumbe ameupitisha kwa mke wangu Moureen, kama kawaida, maana mimi na mama mkwe hatuongei ana kwa ana. Sisi Wakisii tuna chinsoni. Mwanamume haketi karibu na mama mkwe, hali chakula mbele yake, hamtazami usoni. Ujumbe wenyewe ni huu: pikapu itaendeshwa na mtu wa kwanza katika familia kupata leseni. Asubuhi maziwa ya majirani, jioni majani chai.

Mtu huyo ni mimi. Nani mwingine? Miaka yote nimebeba majani mgongoni hadi kituo cha kupimia chai, nikipanga foleni na akina mama, wananiita bwana ya Moureen. Nimechoka. Nataka kuitwa Dereva kabla sijafa.

Kikwazo ni Obure. Mwanyumba wangu, ameoa Judy, mdogo wake Moureen. Amejiandikisha shule ileile ya udereva niliyojiandikisha mimi, hapa Kapsoit, nyuma ya duka la dawa za ng'ombe. Tena amenunua kitabu cha sheria za barabarani na kukijalidi kwa gazeti. Mtu mzima! Mtihani wa kuandika ni Alhamisi ya wiki ijayo.

Mimi sinunui kitabu. Kumshinda msomaji si lazima usome. Yatosha yeye asielewe.

Jumanne, 4 Novemba

Nimemwalika Obure chai. Nimemwambia tusaidiane, tumeoa nyumba moja, sisi ni ndugu. Alifurahi mpaka nikamwonea huruma, lakini kidogo tu.

Nikamfundisha alama. Gari linaloteleza: mbele kuna dereva mlevi. Duara jeupe lenye ukingo mwekundu, ndani hakuna kitu: mwisho wa masharti yote, jimwage. Pembetatu iliyosimama kwa kichwa: kanisa liko bondeni. Nilimkaririsha mara nyingi ili yamkae. Aliandika yote! Akaniambia kitabu chake hakielezi vizuri namna hiyo.

Moureen alikuwa pembeni akichambua maharagwe. Obure alipoondoka akaniuliza maana ya kweli ya hizo alama ni ipi. Nikamwambia naijua. Akauliza tena. Nikamwambia nina usingizi.

Jumatano, 5 Novemba

Msiba!

Tulikuwa darasani kwenye meza iliyochorwa mji: barabara, raundabauti, kivuko cha watoto wa shule. Gari la kuchezea lilipotea zamani, kwa hiyo tunaendesha kopo la rangi ya viatu. Ilikuwa zamu yangu. Mdomoni nina nusu mandazi. Mwalimu Aron ananiambia nimeua watu kivukoni na nimegonga benki. Mara mlango unafunguliwa.

Elmina! Koti la mvua, mkoba, kalamu mbili. Amejiandikisha! Akaenda moja kwa moja benchi la mbele.

Nilimeza mandazi bila kutafuna. Obure aliruka nje kupitia dirishani. Mimi nilitoka kwa mlango, kinyumenyume, macho darini, nikaangusha gunia la chumvi ya ng'ombe dukani. Mwalimu Aron, ambaye ni Mkipsigis, akatufuata nje. Alisema hata kwao mama mkwe huheshimiwa, lakini hajawahi kuona heshima ya kuvunja dirisha.

Somo lote lililobaki tulilisikiliza tukiwa nje chini ya paa, mimi na Obure, bega kwa bega, mvua ya saa tisa ikitulowesha suruali.

Kwa nini amekuja? Nimelitafakari jambo hili. Jibu liko wazi: anataka kuzijua sheria ili amsimamie vizuri dereva wake. Mwajiri mwenye busara. Nimefarijika.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimemwomba Moureen amshauri mama yake aache masomo, umri umeenda, baridi ya Kapsoit si nzuri kwa magoti. Moureen alicheka mpaka akaketi chini. Akasema tangu baba yao afariki hakuna mtu aliyemwambia mama yake mahali pa kukaa, na yeye hataanza leo.

Basi nikaenda kwa Mwalimu Aron na wazo la pazia. Sisi upande huu, mkwe upande ule. Alikuna kichwa, akauliza nani ataleta kitambaa. Nikamwambia aniachie mimi. Penye nia pana njia.

Ijumaa, 7 Novemba

Pazia limetundikwa. Ni shuka la kitanda chetu, lile la maua. Moureen bado hajui.

Kosa dogo: meza ya mji imebaki upande wa mama mkwe. Kwa hiyo mimi na Obure tunajifunza raundabauti kwa masikio. Tunasikia kopo likiburutwa. Tunasikia Aron akiuliza nani anapishwa kwenye raundabauti. Sauti inajibu kwamba ni aliye tayari ndani, anayetoka kulia. Sahihi! Anauliza umbali wa kuegesha kutoka kwenye kona. Sauti inajibu. Sahihi! Darasa linapiga makofi. Nami nikapiga, nikajisikia fahari na uchungu kwa pamoja.

Mwenye majibu yote ya Kapsoit ni mtu pekee nisiyeweza kumwomba jibu. Dunia hii!

Jumamosi, 8 Novemba

Mazoezi ya nguvu. Shamba letu la chai lina njia kati ya mistari, na njia ni barabara. Nimeandika alama kwa makaa kwenye magunia ya mbolea, nimezisimamisha kwenye miti ya uzio. Usukani ni kifuniko cha sufuria. Moureen, aliyekuwa akichuma, alikubali kuwa lori, mradi asiache kuchuma.

Nililipita lori upande wa kushoto. Lori likanitusi kwa Kikisii.

Jirani yetu Chepngetich alisimama kwenye uzio muda mrefu. Mwishowe akamwita mke wangu:

"Moureen, huyo bwana yako ako sawa kweli?"

"Ako na mtihani."

"Woi! Pole sana."

Lakini hilo si la kuandika. La kuandika ni hili. Nilifika kwenye gunia lenye pembetatu ya kichwa chini, nikasimama, nikajiuliza maana yake. Kichwa kikajibu haraka: kanisa liko bondeni. Nikajaribu gari linaloteleza. Dereva mlevi! Nimetafuta ukweli ndani ya kichwa changu kila kona. Haumo. Nilimkaririsha Obure sana, sasa nimekariri mimi.

Nikakimbia kwa Obure kuazima kitabu. Akasema hana. Tangu nimpe maelezo yangu mazuri hakihitaji tena, amekipeleka Kiptere kama zawadi kwa mama mkwe.

Jumatano, 12 Novemba

Sikati tamaa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nimeinama.

Phelis, msichana anayeuza katika duka la dawa za ng'ombe, anasoma na sisi. Ndiye wa pili darasani baada ya ile sauti. Mwandiko wake ni mkubwa, hata kipofu angeusoma. Nimempelekea ndoo ya parachichi. Tumeelewana: kesho atakaa kushoto kwangu, ataandika polepole, hataweka mkono juu ya karatasi. Alicheka, lakini parachichi alizipokea.

Nimemwahidi Moureen nitapita. Alinitazama, akasema yeye hahitaji dereva, anahitaji shuka lake. Ameshajua.

Alhamisi, 13 Novemba

Mtahini alitoka mjini, mtu mwembamba mwenye sweta ya kijani. Aliliangalia pazia, akauliza ni la mgonjwa gani. Akaling'oa kwa mkono mmoja. Kisha akasema hakuna kukaa na rafiki leo, atatupanga mwenyewe. Phelis akapelekwa mlangoni.

Benchi la mbele alipanga hivi: Obure, mama mkwe, mimi. Upande wangu mwingine ni ukuta.

Mwalimu Aron akajaribu kumweleza. Mtahini hakumwacha amalize:

"Mwalimu, barabarani hakuna mkwe. Gari ikikuja utasema hiyo ni ya mama mkwe? Kaeni!"

Nilikaa. Nusu yangu ilikuwa hewani. Niligeukia ukuta, nikaweka karatasi juu ya goti. Nyuma yangu kalamu ya mama mkwe ilikuwa inakimbia. Haikusimama hata kupumua.

Sasa niseme ukweli, maana hapa hakuna anayesoma. Sikukaa hivyo kwa utakatifu. Kila kitu nilichohitaji kilikuwa umbali wa kiganja. Pikapu ilikuwa umbali wa kiganja! Niliiambia shingo: geuka. Ikakataa. Nikaikumbusha foleni ya kituoni. Nikaikumbusha bwana ya Moureen. Nikahesabu moja, mbili, tatu, geuka! Ikakataa kabisa. Nilimkumbuka marehemu baba, jinsi alivyokuwa akiruka katikati ya majani chai, na suti yake ya kanisani, kila alipomwona nyanya yetu mzaa mama akija njiani. Tulikuwa tunamcheka. Sikujua alikuwa ananipandia kitu shingoni.

Nikajibu maswali kwa kichwa changu mwenyewe. Mambo yaliyokuwemo ni yale niliyomfundisha Obure.

Ijumaa, 14 Novemba

Matokeo.

Elmina amepata yote. Phelis amepita. Obure amepita! Obure! Majibu yake yanafanana na ya mama mkwe neno kwa neno. Hata pale mama mkwe alipokata neno na kuandika lingine, Obure naye amekata.

Karatasi yangu Mwalimu Aron aliisoma kwa sauti, nadhani hakukusudia ubaya. Alipofika kwenye kanisa la bondeni ilibidi akae. Mtahini ameandika chini kwa kalamu nyekundu kwamba mtu huyu asiruhusiwe hata baiskeli.

Nimeumia. Nilitembea hadi nyumbani bila kusalimia mtu. Moureen alikuwa amepika kuku. Akaniwekea paja. Hilo ndilo lililonimaliza.

Jumapili, 16 Novemba

Moureen amerudi kutoka Kiptere na habari. Nimemrudisha mwanzo mara kadhaa ili nielewe.

Mama mkwe amesema kwamba saa nzima ya mtihani mkwe wake mmoja alimpumulia sikioni. Alihisi joto la pua yake. Kwa hiyo Obure atapeleka mbuzi kuomba msamaha, na haruhusiwi kuigusa pikapu, hata kuiosha. Judy analia. Mimi nilijaribu kusikitika.

Nikauliza, basi nani dereva? Moureen akanishangaa. Ni mama mwenyewe, akasema. Alisema mtu wa kwanza katika familia, kwani yeye si wa familia? Ametaka kuendesha tangu akiwa msichana mchuma chai kwenye shamba la kampuni, akiyatazama malori yakipita. Alingoja kwanza amalize kusomesha watoto. Kila mtu alijua isipokuwa mimi na Obure.

Nikakumbuka turubai na jinsi nilivyokuwa nimeshaichagulia pikapu jina.

Halafu Moureen akaendelea. Mama anatafuta mtu wa kumpakilia mitungi ya maziwa. Amesema hataki mwingine ila yule aliyeutazama ukuta mpaka kengele. Amesema mtu aliyeweza kuona majibu akayaacha, huyo hata mzigo wa watu hawezi kuuiba. Machozi yalimlengalenga Moureen alipokuwa anasema. Akaniambia kwamba leo amejivuna kwa ajili yangu.

Nilitoka nikaenda nyuma ya jikoni kukaa. Kulikuwa na moshi mwingi huko.

Jumatatu, 1 Desemba

Mama mkwe amepita mtihani wa barabarani. Leo tumeanza kazi.

Anaendesha vizuri mno. Polepole, mikono miwili, anampisha hata bata. Ndani ya kibanda cha mbele hatuwezi kukaa pamoja, bila shaka, kwa hiyo mimi nakaa nyuma na mitungi, nimeelekea tulikotoka. Akitaka kusimama anagonga bati mara moja. Akitaka kuondoka, mara mbili. Hatujawahi kuongea hivyo tangu nimwoe binti yake. Kwenye kilima cha Kapsoit alisimama akanipitishia kikombe cha uji dirishani, uso ameugeuzia upande mwingine. Nikakipokea, nikamgeuzia mgongo, nikanywa. Uji mtamu.

Kituoni akina mama wameniita Mtu wa Gari. Si Dereva, lakini tumekaribia.

Ukikaa nyuma ya pikapu unapata nafasi ya kufikiri, na mimi nimefikiri sana juu ya funzo la jambo hili. Obure ana cheti lakini hana gari. Mimi nina gari lakini sina cheti. Kosa langu lilikuwa wapi? Moureen anasema kutosoma. Hapana. Maswali niliyaelewa, kalamu ilikuwa na wino, majibu sahihi yalikuwa pale pale karibu. Kosa lilikuwa jirani wa benchi, basi.

Kwa hiyo jioni hii nimempigia simu binamu yangu Kebaso, anayeuza viazi Merigi. Kuna shule ya udereva huko, wanafunzi wapya wanaanza Januari. Anamfahamu mwalimu mmoja mstaafu atakayeufanya mtihani pamoja nami, mwanamume, mtulivu, haoni vizuri, kwa hiyo anaandika herufi kubwa sana. Nimeshamwagiza Kebaso anishikie nafasi pembeni yake.

Merigi sina mkwe hata mmoja. Huko shingo itageuka.