Daftari la Ndevu la Injirdere

Kwa jina la Dola Tukufu, yenye mabara matatu, bahari saba na karani kila kona, mpiga mbiu wa mji wa Injirdere alitangaza asubuhi ya Jumatatu, kwa Kituruki, Kigiriki, Kiarmenia na Kibulgaria, kwamba Sultani amekusudia kuwajua wanaume wake wote, mmoja mmoja, na kwamba atawajua kwa ndevu zao.

Wanawake hawatahesabiwa, mbiu iliendelea, kwa kuwa hawana ndevu. Wale wachache waliokuwa nazo waliombwa wanyamaze.

Msicheke. Palikuwa na hekima hapo. Majina yalikuwa yameishiwa nguvu kwetu. Akina Mehmed peke yao walikuwa sitini na wanne, na akina Yorgi thelathini. Ukiita “Mehmed!” sokoni, soko zima liligeuka, na punda mmoja. Ndevu, lakini, kila mtu anazo zake.

Kila mtu isipokuwa Rasih Efendi, karani mkuu wa kuhesabu watu, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja. Mungu alimpa akili, akampa mwandiko mzuri, nywele za kidevu akazisahau. Watoto walimtegea njiani: “Kitendawili! Shamba la bwana mkubwa, mvua inanyesha, halioti!” Naye, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, aliwajibu mwenyewe: “Kidevu changu. Sasa nendeni nyumbani.”

Kwa ajili ya kurahisisha kazi, Rasih Efendi aliongeza kanuni mbili zilizotoka kichwani mwake. Ya kwanza: asiye na ndevu ni kijana, hata akisema nini. Ya pili: aliyekwisha kuandikwa haruhusiwi kubadili uso mpaka dola itakapohesabu tena. Kisha, ili awe mfano mwema, akajiandika yeye wa kwanza. Nambari moja: Rasih. Urefu wa wastani. Hana ndevu. Akapuliza wino ukauka, akaridhika. Kanuni huandikwa kwa ajili ya watu. Karani huwa ameziandika tu.

Sasa, kijana wa Kiislamu alipelekwa kwenye jeshi jipya la Sultani, na mzee akaachwa na kahawa yake. Kijana wa Kikristo au wa Kiyahudi hakulipa kodi ya kichwa. Mtu mzima alilipa. Mji mzima uliona kinachokuja, isipokuwa Rasih Efendi, aliyekuwa amesoma.

Juma hilo Hampar kinyozi, Muarmenia mwenye mikono mepesi na mdomo mwepesi zaidi, hakupata hata nafasi ya kula. Mlango wa mbele waliingia Wagiriki, Waarmenia, Wabulgaria na Wayahudi wenye ndevu, wakatoka bila ndevu. Mlango wa nyuma waliingia vijana wa Kituruki bila ndevu, wakatoka nazo.

“Hampar, manyoya ya mbuzi yanauzwa wapi siku hizi?” Rasih Efendi alimwuliza, alipopita na kuona mbuzi watatu waliokatwa manyoya wamesimama uani kwa aibu.

“Ya nini, Efendi wangu? Wewe umekwisha kuandikwa.”

“Nauliza kwa niaba ya dola.”

“Basi iambie dola mbuzi wanaona joto mwaka huu.”

Siku ya kuandikwa ilipofika, meza iliwekwa chini ya mnara wa msikiti. Wa kwanza kusimama mbele yake alikuwa Nedim, mtoto wa marehemu kaka yake, ambaye Rasih Efendi alimlea mwenyewe tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Alikuwa na ndevu nyeupe mpaka kifuani. Mbuzi jike alikuwa amemfuata toka nyumbani, akilia.

“Jina?”

“Ami, ni mimi, Nedim!”

“Hapa sikuulizi kama ami. Umri?”

“Si wewe uliyenichinjia kondoo nilipotimiza ishirini?”

“Kondoo hayumo kwenye daftari. Ndevu zinasema miaka mingapi?”

Nedim akazitazama. “Zinasema sabini, Ami.”

“Sabini,” akaandika Rasih Efendi. “Mungu akuzidishie, mzee wangu. Na yule mbuzi mwambie si zamu yake.”

Kwa Wakristo kazi ilikwenda upesi zaidi. Yorgi fundi viatu alikuja na kidevu kinachong’aa na kitambi cha miaka hamsini.

“Kijana,” alisema Rasih Efendi, “mama yako yuko wapi?”

“Yuko nyumbani, Efendi. Analea wajukuu zangu.”

“Msalimie. Mwambie umekua.”

Daftari lile lipo hata leo. Dola yenyewe imekwisha, ikazaa nchi nyingi kuliko alivyotarajia mkunga, na kila nchi inatuma msomi wake aje atafute mababu. Kila mmoja anataka babu safi, wa damu moja. Wanafungua, wanakuta ndevu za mbuzi. Sisi tunawaletea chai, tunanyamaza.

Ripoti ya Rasih Efendi kwenda Istanbul ilikuwa fupi na yenye fahari. Alieleza kwamba Waislamu wa Injirdere wote ni wazee, jambo linaloonyesha uzuri wa hewa. Na kwamba Wakristo na Wayahudi wote ni watoto, jambo linaloonyesha uzuri wa utawala. Alitarajia nishani.

Akaja bimbashi, mkuu wa kikosi katika jeshi la Sultani, na askari sita.

“Natakiwa kuchukua vijana arobaini wa Kiislamu,” alisema bimbashi, akiwa bado juu ya farasi. “Vijana wako wako wapi?”

“Wamekwisha, bimbashi.”

“Wamekwenda wapi?”

“Wamezeeka.”

“Lini?”

“Kati ya Jumatatu na Ijumaa.”

Bimbashi akashuka. Akaomba daftari, akalisoma ukurasa kwa ukurasa, mji wote ukiwa umesimama uwanjani, jua la utosi likiwaka. Ndevu nyeupe. Ndevu nyeupe. Ndevu nyeupe sana. Kisha akarudi mwanzo kabisa, kidole chake kikasimama.

“Huyu hapa mmoja. Nambari moja. Urefu wa wastani. Hana ndevu. Yuko wapi?”

Watu wote wakaangalia viatu vyao, vilivyoshonwa na mtoto Yorgi.

“Huyo,” alisema Rasih Efendi, na sauti yake ilikuwa imepungua, “ni mtumishi wa dola.”

“Na jeshi ni la nani? La shemeji yangu?”

“Ana miaka arobaini na mmoja. Ana maumivu ya mgongo. Hajawahi kushika kitu kizito kuliko muhuri.”

“Humu imeandikwa hana ndevu, na kwa kanuni yako huyo ni kijana.” Bimbashi akasogea karibu, akateremsha sauti. “Efendi, sikiliza. Mimi nina macho na nina pua, na uwanja huu unanuka zizi. Sema neno moja tu, kwamba daftari limekosea. Nitalichana, nitawahesabu upya kwa mkono wangu, nitavuta kila kidevu. Nitapata arobaini wangu, wewe utabaki na kahawa yako. Je, daftari limekosea?”

Rasih Efendi akageuka. Nedim alikuwa mstari wa mbele kati ya wazee. Ulimbo wa Hampar ulikuwa ukiyeyuka kwa joto, na ndevu zake za miaka sabini zilianza kuteleza upande wa kushoto. Karani akalitazama na daftari. Mpaka leo watu wa kwetu wanabishana. Wengine husema aliwahurumia watoto wa watu. Wengine husema alilihurumia daftari.

“Daftari la dola,” alisema, “halikosei.”

Basi akasindikizwa siku hiyo hiyo, kama tunavyowasindikiza vijana wote wanaoitwa jeshini. Ngoma na zumari zikaja. Mama yake, bibi wa miaka sabini na mitano, akamtia hina kiganjani huku akimgombeza kwa kusahau fulana ya sufu. Watoto walipigana nani ambebee furushi. Na kwa kuwa kijana haondoki bila kubusu mikono ya wakubwa zake, wazee wa Injirdere walipanga mstari. Rasih Efendi akainama mbele ya kila mmoja. Akabusu mkono wa mwokaji wa miaka kumi na tisa, akauweka kwenye paji la uso. Akabusu mkono wa mchunga kondoo ambaye sauti yake ilikuwa bado haijavunjika. Hakuna aliyecheka. Bimbashi alikuwa anatazama.

Wa mwisho alikuwa Nedim. Ndevu zake zilikuwa zimebaki kushikilia shavu moja tu.

Rasih Efendi akamkumbatia kama mtoto anavyomkumbatia mzee wake, na kwa kidole gumba akazibandika tena, akazikandamiza mpaka zikashika. Halafu akainama, akaubusu mkono ule aliokuwa ameufundisha kushika kalamu.

“Niombee dua, babu,” alisema.

“Nenda, mwanangu,” alijibu Nedim. “Na ukifika huko, uwatii wakubwa.”