Teke la Juu Ndani ya Kanzu ya Baba

Leo nimejitia doa ambalo hata dobi halitoi. Naandika hapa kwenye kundi mapema, kabla hamjasikia kwa watu wa Michenzani, maana wao watatia chumvi, na hichi kisa chumvi hakihitaji.

Kaka yangu Seif kaoa leo. Nikaha ilikuwa baada ya Alasiri, na kanzu ya kuvaa ilikuwa moja tu duniani: ya baba. Baba alioa nayo. Rangi ya maziwa, shingo imetariziwa kwa mkono, na tangu alipofariki baba, mama anaiweka sandukuni na vipande vya udi.

Mie kazi yangu ilikuwa moja. Niende Darajani kwa dobi, niichukue, nirudi nayo. Mama alinambia mara tatu: usiikunje, usiiburure, usisimame njiani. (Nimemaliza kidato cha nne. Maagizo matatu hayanishindi. Ndivyo nilivyodhani.)

Dobi kanipa imenyooka kama karatasi. Nikaanza kuwaza. Nikiitia begani itapata mikunjo. Nikiibeba kwa hanga, mkono utachoka, utashuka, na pale sokoni watu wanapishana na ndoo za samaki. Nikaona dawa yake ni kuivaa. Nguo ikiwa mwilini itajikunja saa ngapi? Nikaingia nyuma kwa dobi, nikavua shati na suruali, nikaviacha hapo hapo, nikabaki na bukta ya mpira, nikaivaa. Mie na Seif kimo kimoja, ilinikaa sawasawa.

Njia nzima watu wananipa mkono. Bwana harusi, mabruki. Nami naitikia. Sikumsahihisha hata mmoja. Bibi mmoja pale njia panda kaniombea na watoto, nikasema amin.

Sasa, karibu na majumba ya Michenzani kuna barza ya kahawa, mbele ya duka la Mzee Makame, fundi cherehani. Nilikuwa nnapita. Wallahi nilikuwa nnapita tu. Nikasikia jina la Jembe.

Kwa wasiojua: Jembe na Twiga ni majina tuliyowapa sie wenyewe mtaani, wapiganaji wa ngumi za mateke tunaowaangalia kwenye simu. Twiga mrefu, teke lake linapanda mpaka kwenye sikio la mtu. Jembe mfupi, mnene, hapigi juu ya paja. Analima mapaja ya wenziwe mpaka waombe kukaa. Seif ni mtu wa Twiga tangu mie mdogo. Tulikuwa tunalala kitanda kimoja, simu moja katikati, Twiga ndani yake. Kwa hivyo na mie ni wa Twiga. Sikuchagua, nilirithi.

Na Mzee Makame alikuwa anawaambia watu kwamba tangu mchezo ule uanze mpaka leo, hajatokea kama Jembe.

Nikasimama. (Agizo la tatu hilo, kwaheri.)

Nikatoa shikamoo, nikaitikiwa, nikapewa kikombe, nikakikataa kwa kuichelea kanzu. Mnaona? Akili bado ilikuwepo. Nikamweleza Twiga ana mikanda mingi ya ubingwa kuliko Jembe. Mzee Makame akasema Twiga kapewa miguu mirefu na Mungu, hapo ufundi wake uko wapi. Bora ni yule anayeshinda na miguu mifupi. Mwengine akasema wote wawili hawana lolote, bora wa kweli hakuwahi kupigwa picha. Barza ikacheka. Mie sikucheka. Subira sina, mnanijua. Nikamwambia Mzee Makame, mtu wa umri wa baba yangu, mbele ya watu:

"Mzee, wewe unajua cherehani. Haya huyajui."

Akanywa funda moja la kahawa, taratibu.

"Basi nifahamishe, mwanangu. Hilo teke lake linakwendaje?"

Aliniuliza kwa mdomo. Mie nikamjibu kwa mguu.

"Na kanzu hiyo?" nikamsikia anasema, lakini mguu nilikuwa nshaunyanyua.

Kanzu jamani si nguo ya mateke. Imeshonwa mtu atembee, arukuu, asujudu. Mguu ulifika kiunoni, kanzu ikaukamata, nikalazimisha, ikasikika kraaa, ule mguu mwengine ukaniacha, nikakaa chini mbele ya watu sita na birika. Kanzu imepasuka toka pindo mpaka nyongani. Bukta nyekundu iko nje. Na yule bibi wa njia panda alikuwa anakuja nyuma yangu njia nzima, ndio kwanza anafika. Kaiangalia bukta. Kaniuliza kama harusi bado ipo.

Hapo barza ilicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa.

Mzee Makame hakucheka. Alichutama, akaupapasa ule mpasuko. "Mshono mzima," akasema. "Aliyeshona alikuwa fundi. Kilichokufa ni kitambaa." Kisha akaniuliza ya nani. Nikamwambia ya baba. Akanitazama vizuri, akasema kumbe mie ni yule mtoto mdogo wa marehemu Hamadi. Akaweka kikombe chini.

"Ingia ndani. Vua."

Ndani hamna cha kujisitiri ila kanga ya mteja iliyokuwa inangoja kukungwa pindo. Nikajifunga. Ina maandishi makubwa: NILIKUKANYA HUKUKANYIKA. Nimesimama nayo, Alasiri imebaki nusu saa, mzee anatia kiraka kwa ndani. Nikamwomba radhi kwa lile neno la cherehani. Akasema neno lenyewe halikuwa na kosa, cherehani kweli anaijua, na nishukuru kwamba anaijua.

Ndipo mlango ukafunguliwa. Seif. Kachoka kungoja, kaja mwenyewe, barza imemwonesha nilipo, kofia ya harusi kichwani, chini kikoi na singleti. Kaniangalia. Kaisoma kanga mwanzo mpaka mwisho. Kisha akaiona kanzu ya baba chini ya sindano.

"Uliivaa ya nini?"

Hakupandisha sauti. Angenipiga ningeshukuru. Nikamweleza dobi, mikunjo, ndoo za samaki. Vyote vilikuwa na maana pale Darajani, hapa havikuwa na maana hata kimoja. Mwisho nikasema lile nililodhani litaniokoa:

"Nilikuwa namtetea Twiga, kaka. Mtu wako."

Cherehani tu inakwenda.

"Mie toka mwaka jana niko kwa Jembe," akasema. "Sikutaka kukuvunja moyo."

Cherehani ikasimama kidogo. Mzee Makame hakuinua kichwa, lakini mabega yalikuwa yanatikisika.

Nikaha imepita salama. Seif kavaa joho juu, kiraka hakikuonekana. Mie nilikaa nyuma yake, na kila aliposogeza miguu nilisoma nnachokijua. Shehe anauliza, Seif anajibu, watu wanaitikia, mie macho yako kwenye pindo. Harusi ya kaka yangu wa pekee, na nilichokiona ni pindo.

Tuliporudi, mama akaichukua kanzu aikunje mwenyewe. Mkono wake ukapita kwa ndani, ukafika pale, ukasimama. Hakumwangalia Seif. Kaniangalia mie. Nikaanza kumweleza toka kwa dobi, akasema basi, yatosha. Akaikunja kiraka kikabaki ndani, akatia udi, akafunga sanduku. Ufunguo wa lile sanduku, tangu nina akili, unakaa juu ya kifuniko. Leo kaufunga kwenye pindo la kanga yake.

Kwa hivyo ule ubishi wa nani bora wa zama zote, nimeumaliza: ni Jembe. Teke la chini halijapata kuchana kanzu ya mtu. Na kama lazima mcheke, chekeni leo leo mmalize, maana siku yangu ya kuoa ikifika nitawahitaji nyote mje kuniombea ule ufunguo.