Taa Ndogo ya Bwana Terwilliger

Jumanne, 10 Novemba 1868. Albany.
Nimeruhusiwa! Jioni za Jumanne na Alhamisi nitakuwa namtembelea Philippa Terwilliger sebuleni kwao. Nataka kumwoa kabla ya Krismasi. Kikwazo ni baba yake. Mzee ana taa kumi na saba, zenye vioo vya maua na vishaufu vya kuning'inia, lakini wanaomposa binti yake anawawekea kitaa kidogo kama kikombe cha yai. Anakijaza mafuta mwenyewe. Kikizimika, mgeni achukue kofia yake. Leo kimezimika nikisimulia ugonjwa wa shangazi yangu wa Utica. Hata kwenye upasuaji sijafika!

Mpinzani wangu, Jasper Quackenbush, huja Jumatatu na Jumatano. Nora, mtumishi wao, anasema Jasper huaga mafuta yakiwa bado yapo. Bwege! Upewe taa, uiache inawaka?

Alhamisi, 12 Novemba.
Nina akili mimi. Mzee alipotoka tu nikashusha utambi, mwali ukabaki kama punje ya mtama. Mafuta hayaliki! Nilisahau kitu ambacho kila mpishi wa mji huu anakijua: utambi ukishushwa mno, taa inanuka. Ilinuka hasa. Philippa akafungua dirisha, baridi ikaingia yote. Akasema kichwa kinamgonga. Nikamwambia mapenzi huanza hivyo. Akasema si mapenzi, ni utambi.

Tulikaa saa mbili na robo. Ushindi! Mlangoni Nora akaniambia, ati we Bwana Eben, binti wa watu kawa kijani kama tango. Wivu huo.

Jumamosi, 14 Novemba.
Mpango mpya. Nimepata kichupa bapa cha kuficha ndani ya koti. Nimekijaza mafuta ya taa. Kinavuja kidogo tu. Mwenye nyumba wangu ameuliza mbona nanuka kama ghala la mafuta. Nikamjibu ni manukato ya Paris. Amekaa mbali nami mezani.

Jumanne, 17 Novemba.
Maafa. Philippa alipotoka kufuata chai, nikatoa kichupa. Taa huwezi kuijaza ikiwaka, utaunguza nyumba. Mimi si mjinga. Nikaipuliza.

Giza! Nikamimina kwa kupapasa. Mlango ukafunguka, mzee huyo na taa kubwa mkononi, na kofia yangu mkono wa pili. Akasema taa imezimika, kijana, usiku mwema. Nikamwambia mzee wangu, mafuta yapo tele, tazama! Akatazama. Yalikuwa tele kwenye keki ya zabibu ya mkewe. Kwenye taa hata tone hakuna.

Nora alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi.

Alhamisi, 19 Novemba.
Philippa amechumbiwa na Jasper. Nilikwenda kumuuliza kwa nini, tukazungumza barazani kwa sababu ndani sikukaribishwa. Hakunikaripia, na hilo ndilo limeniumiza zaidi. Akasema Jasper akiaga, yeye hubaki na neno alilotaka kumwambia, analiweka mpaka siku atakaporudi. Nikauliza, na mimi? Akasema, wewe Eben ukija, mimi macho yangu kwenye taa tu, naomba izimike.

Nimelia njia nzima. Nampenda kweli yule binti.

Jumamosi, 21 Novemba.
Nimefikiri siku mbili, sikula. Sasa kosa langu nimelijua. Ni mafuta! Mafuta ya taa yana mwisho, na mtu kama mimi anahitaji nafasi ajulikane vizuri. Muda ndio ulioniangusha.

Sasa basi. Jaji Hobart, mtaa wa juu, ana binti, Drusilla, mpole, hajawahi kunisikia nikizungumza. Nyumba yao ina taa za gesi! Inakuja kwa bomba kutoka kiwandani, haiishi, haijazwi, na hakuna mzee wa kuipima. Nimealikwa chai kesho baada ya ibada. Nimemwambia mwenye nyumba wangu asiniwekee chakula cha jioni. Wala cha Jumatatu.